ALAMA ZA TAIFA NI AHADI: FUNDISHO LA MAZIMBU

(Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma)



Kila siku ya kazi, katika shule na ofisi za Serikali kote nchini, bendera ya Taifa hupandishwa asubuhi na kuteremshwa jioni. Mwanafunzi wa shule ya msingi akiulizwa maana ya rangi zake hujibu bila kusita: kijani ni ardhi na mimea yake, rangi ya dhahabu ni madini, nyeusi ni wananchi, na buluu ni maji ya bahari, maziwa na mito. Jibu hilo ni sahihi, na mwanafunzi huyo anastahili kupewa alama zote. Hata hivyo, liko swali la pili ambalo kwa kawaida haliulizwi. Ardhi hiyo ni ya nani? Madini hayo yamfae nani? Wananchi hao waliowekwa katika utepe mmoja mweusi wameahidiana nini wao kwa wao, na wamewaahidi nini watu walio nje ya mipaka yao?

Mazungumzo haya yanalihusu swali hilo la pili. Hoja yake ni moja, nayo ni kwamba alama ya taifa ni ahadi. Na wahenga walikwisha sema kuwa ahadi ni deni. Anayetaka kujua maana ya alama hana budi kutazama jinsi deni hilo lilivyolipwa. Uko mfano mmoja wa malipo hayo unaoweza kuonekana kwa macho na kukanyagwa kwa miguu. Mfano huo uko Mazimbu, kilomita chache kutoka katikati ya mji wa Morogoro, mahali ambapo mtu akitazama upande wa kusini huiona milima ya Uluguru imejifunika mawingu.

BENDERA NI HATI YA MAPATANO

Inafaa kwanza kukumbushana namna alama zenyewe zilivyozaliwa. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, bendera yake ilitokana na bendera ya TANU, yaani kijani na nyeusi, ikaongezwa mistari ya rangi ya dhahabu. Zanzibar ilipofanya Mapinduzi tarehe 12 Januari 1964, ilichukua rangi za Afro-Shirazi Party: buluu, nyeusi na kijani. Nchi hizo mbili zikaungana tarehe 26 Aprili 1964, na tarehe 30 Juni mwaka huo bendera ya Jamhuri ya Muungano ikakubaliwa rasmi. Buluu ya Visiwani ikakaa pamoja na kijani na dhahabu ya Bara, na utepe mweusi, ambao pande zote mbili zilikuwa nao, ukapita katikati kutoka pembe hadi pembe.

Maana yake ni kwamba bendera hii ni hati ya mapatano iliyoandikwa kwa rangi badala ya maneno. Wino wake ni vyama viwili vya wakulima, wafanyakazi na wavuvi waliokataa kutawaliwa. Mtu anayeiangalia kama pambo la siku za sikukuu anasoma hati hiyo kwa juu juu.

Nembo ya Taifa nayo, ile ambayo wananchi wamezoea kuiita Bibi na Bwana, inasema jambo hilo hilo kwa picha. Mwanamume na mwanamke wamesimama juu ya Mlima Kilimanjaro, wameshika pembe za ndovu, na miguuni mwao iko mimea ya karafuu na pamba. Kati yao iko ngao. Ndani ya ngao uko mwenge, iko bendera, yako mawimbi ya maji, na kuna mkuki pamoja na shoka na jembe vilivyopishana. Chini yake yameandikwa maneno matatu, Uhuru na Umoja. Zingatia kwamba zana za kazi na silaha ya ulinzi zimewekwa katika ngao moja. Waliobuni nembo hii hawakutaka uhuru uonekane kuwa kitu cha kukalia. Waliuonyesha kuwa kitu cha kulimia na cha kulinda.

MWENGE NA NENO LILILOTANGULIA

Katika alama zote hizo, ile iliyotoa ahadi kubwa kuliko nyingine ni Mwenge wa Uhuru. Mwezi Oktoba 1959, zaidi ya miaka miwili kabla ya uhuru, Mwalimu Julius Nyerere alisimama katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika akaeleza nia ya watu wake ya kuweka taa juu ya Kilimanjaro, ili nuru yake ivuke mipaka na kuwafikia waliokata tamaa, waliochukiwa na waliodharauliwa. Usiku wa uhuru Luteni Alexander Nyirenda aliupeleka Mwenge huo kileleni. Mbio za Mwenge zikaanza mwaka 1964 chini ya Chama, na baada ya mfumo wa vyama vingi kurejea mwaka 1992 zikasimamiwa na Serikali.

Lililo muhimu katika tamko la mwaka 1959 ni neno mipaka. Nchi ambayo bado haijajitawala ilikuwa tayari inajitwika deni kwa watu wasio raia wake. Mtu mwenye busara za kibiashara angesema kwamba Watanganyika wajenge kwanza kwao, halafu ndipo wafikirie wengine. Imani ya TANU ilisema vinginevyo, kwa kuwa ilitamka undugu wa binadamu wote na umoja wa Afrika kabla ya kutaja faida yoyote.

Deni hilo halikukawia kudaiwa. Chama cha African National Congress cha Afrika Kusini, kilichoanzishwa mwaka 1912, kilipigwa marufuku na Serikali ya makaburu mwezi Aprili 1960. Mwezi Januari 1962, mwezi mmoja tu baada ya uhuru, Nelson Mandela alifika Tanganyika kutafuta msaada. Mwaka 1963 Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliunda Kamati ya Ukombozi na kuiweka Dar es Salaam. Kongwa, katika Mkoa wa Dodoma, pakawa na kambi za wapigania uhuru. Mji wa Morogoro ukawa makao ya ANC uhamishoni, na hapo ndipo chama hicho kilipofanya mkutano wake mkuu wa kujikosoa na kujipanga upya, kuanzia tarehe 25 Aprili hadi 1 Mei 1969. Hadi leo historia ya Afrika Kusini inautaja mkutano huo kwa jina la mji huu.

ARDHI YA MAZIMBU

Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto waliandamana kupinga amri ya kufundishwa masomo yao kwa Kiafrikaans, lugha ya watawala wao. Askari wa makaburu waliwafyatulia risasi. Walimu wanaosikiliza mazungumzo haya watatambua kwamba vita vile vilianzia darasani na vilihusu alama mojawapo ya taifa, nayo ni lugha. Watoto wale walijua kwamba anayechaguliwa lugha na bwana wake amekwisha kuchaguliwa na mahali pa kusimama maishani.

Maelfu ya vijana wakaikimbia nchi yao. Walipofika kwa ANC uhamishoni, ilidhihirika kwamba wengi walikuwa wadogo mno kupewa bunduki, na kwamba walichokikimbia ni elimu ya utumwa. Walihitaji shule. Mwaka 1977 Serikali ya Tanzania iliipa ANC shamba la mkonge lililokuwa limeachwa, huko Mazimbu. Aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Morogoro wakati huo, Mama Anna Abdallah, anakumbukwa kwa mchango wake katika jambo hilo.

Yafaa kuitazama ardhi hiyo kwa makini, kwa sababu hapa ndipo kijani cha bendera kinapopata maana yake. Mkonge uliletwa na Wajerumani mwaka 1893; miche iliyofika salama ilikuwa 62 tu, na kutokana nayo yakazaliwa mashamba makubwa ya Tanga na Morogoro. Mashamba hayo yalilimwa na manamba, watu waliochukuliwa mbali na kwao, wakaitwa kwa namba badala ya majina, na kulipwa ujira usiokidhi. Kijani cha mkonge kilikuwa kijani cha mtu mwingine. Katika miaka ya 1960 bei yake ilianguka kwa sababu ya nyuzi zinazotengenezwa viwandani, na mashamba mengi yakabaki magofu na vichaka.

Waluguru wa milimani nao walikuwa na historia yao kuhusu ardhi. Katika miaka ya 1950 Serikali ya kikoloni iliwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko ya Uluguru. Kazi ilikuwa nzito na faida yake haikuonekana, na amri ilitoka kwa watu ambao hawakuishika ardhi ile kwa mikono yao. Mwaka 1955 wananchi walikataa, ghasia zikatokea, na mpango ule ukaachwa. TANU ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Kwa hiyo katika mkoa huu kijani cha bendera hakikuwahi kumaanisha majani peke yake. Kilimaanisha haki ya mtu kusema jinsi ardhi yake itakavyotumika.

Taifa lililotoka katika historia hiyo ndilo lililochukua shamba la manamba na kuwapa watoto waliofukuzwa katika ardhi yao wenyewe. Kama kuna mahali ambapo rangi ya bendera imegeuka kuwa tendo, ni hapo.

SIKU YA TATU MPE JEMBE

Wahenga wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe lililomo katika Nembo ya Taifa lilitolewa Mazimbu kwa maana yake halisi. Wageni hawakupewa hema na posho ya kusubiri siku ya kurudi kwao. Walipewa ardhi, wakaambiwa wajenge.

Nao walijenga. Walianza kwa kukarabati majengo machakavu ya shamba la mkonge, kisha wakajenga mabweni, madarasa, maktaba, nyumba za walimu, shule ya watoto wadogo, shule ya msingi, hospitali, karakana za useremala na za ushonaji. Walilima na kufuga. Wahandisi na mafundi wa Afrika Kusini walifanya kazi bega kwa bega na vibarua na mafundi wa Morogoro. Fedha na vifaa vilitoka katika nchi nyingi, zikiwemo Sweden, Norway na Uholanzi. Mwezi Agosti 1985 Oliver Tambo, Rais wa ANC, aliifungua shule hiyo rasmi. Kabla ya hapo, mwaka 1982, Serikali ya Tanzania ilikwisha kuwapa eneo jingine huko Dakawa.

Masomo yaliyofundishwa yanastahili kutazamwa na kila mwalimu. Mbali na hisabati na sayansi, ambazo Serikali ya makaburu ilizifanya haba kwa mtoto mweusi, wanafunzi walisoma historia ya mapambano na somo la maendeleo ya jamii. Kazi za mikono zilikuwa sehemu ya elimu. Mtu aliyesoma Elimu ya Kujitegemea, waraka wa Mwalimu wa mwaka 1967, angejiona yuko nyumbani.

WIMBO WA MWALIMU

Katika mikusanyiko ya Mazimbu uliimbwa wimbo ambao mwananchi yeyote wa Morogoro aliyepita njiani aliweza kuutambua kwa sauti yake, hata kama hakuyaelewa maneno yake ya Kixhosa. Wimbo wa Taifa wa Tanzania na wimbo wa wapigania uhuru wale una sauti moja. Aliyeutunga, mwaka 1897, alikuwa mwalimu. Jina lake Enoch Sontonga, naye alifundisha na kuongoza kwaya katika shule ya misheni karibu na Johannesburg. Alifariki mwaka 1905, akiwa hajui kwamba wimbo alioutunga kwa ajili ya wanafunzi ungekuja kusimamiwa na mataifa. Mwaka 1925 ANC iliufanya kuwa wimbo wake rasmi. Tanganyika iliuchukua mwaka 1961 kwa maneno ya Kiswahili. Zambia iliuchukua kwa maneno yake, na Zimbabwe iliutumia tangu 1980 hadi 1994.

Zingatieni pia mpangilio wake. Katika Wimbo wa Taifa wa Tanzania ubeti wa kwanza unaiombea Afrika, na ubeti wa pili ndio unaoiombea Tanzania. Ni nadra taifa kujiweka la pili katika wimbo wake lenyewe. Watoto husimama wima na kuuimba kila wiki, na huenda wengi hawajawahi kuambiwa kwamba mpangilio huo ni ahadi, wala kwamba ahadi hiyo ilipata kutekelezwa kilomita chache kutoka stendi ya mabasi ya Morogoro.

Bendera nazo zilifanana. Bendera ya ANC ilikuwa nyeusi, kijani na dhahabu: watu, ardhi na utajiri ulio chini ya ardhi. Ni maana zile zile ambazo mwanafunzi wa Tanzania huzitaja anapoulizwa kuhusu bendera yake. Wakati ule bendera hiyo haikuwa ya nchi yoyote. Kuipandisha ndani ya Afrika Kusini kulimpeleka mtu gerezani. Mazimbu ilipepea hadharani, chini ya ulinzi wa nchi iliyokuwa na bendera yake yenyewe. Tarehe 27 Aprili 1994, siku ya uchaguzi wa kwanza wa watu wote, rangi hizo tatu zilionekana ndani ya bendera mpya ya Afrika Kusini, pamoja na nyekundu, nyeupe na buluu. Serikali ya nchi hiyo haikutoa tafsiri rasmi ya kila rangi. Iliwaachia wananchi wake waipe maana kwa namna watakavyoishi pamoja. Hilo nalo ni fundisho kwa wanaodhani kwamba tafsiri iliyokaririwa inatosha.

GHARAMA YA AHADI

Ni rahisi leo kulisimulia jambo hili kana kwamba lilifanyika katika siku za neema. Ukweli ni kinyume chake. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera, na vita vilivyofuata viliigharimu nchi damu na fedha nyingi. Bei ya mafuta ilipanda. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sukari, sabuni na nguo vilikuwa adimu madukani, na mwaka 1983 Serikali, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, ilianzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi.

Hatari nayo haikuwa ya maneno. Makaburu walishambulia makazi ya wapigania uhuru Matola nchini Msumbiji mwaka 1981, Maseru nchini Lesotho mwaka 1982, na Gaborone nchini Botswana mwaka 1985. Mwezi Machi 1984 Msumbiji, iliyochoshwa na vita, ililazimika kutia saini Mkataba wa Nkomati na kuwaondoa wapiganaji wengi wa ANC. Nchi iliyowapokea wakimbizi hao ilijua inachojitwika.

Wala uhusiano wa wageni na wenyeji haukukosa mikwaruzano. Misaada ya nguo na vyakula ilifika Mazimbu kutoka ng'ambo wakati maduka ya mjini yakiwa matupu, na manung'uniko yakawepo. Yalikuwepo magendo, yalikuwepo maneno ya kudharauliana. Kuyaficha hayo ni kuipunguzia ahadi uzito wake. Undugu usiogharimu kitu hauhitaji kuwekewa alama. Waliotimiza neno lao wakiwa na sahani nusu ndio wanaostahili kusimuliwa shuleni.

MAJINA MAWILI

Shule ya Mazimbu ilipewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyezaliwa mwaka 1956 na kukulia Mamelodi, karibu na Pretoria. Aliondoka kwao baada ya maasi ya 1976, akapata mafunzo ya kijeshi Angola, akarudi mwaka 1977. Mwezi Juni mwaka huo yeye na wenzake walinaswa katika Mtaa wa Goch, Johannesburg, na raia wawili wakauawa kwa risasi. Mahlangu hakuwa amefyatua risasi hizo, lakini mahakama ilimtia hatiani kwa hoja ya dhamira ya pamoja. Alinyongwa tarehe 6 Aprili 1979, akiwa na umri wa miaka 22. Mwaka huo huo shule ikaitwa Chuo cha Uhuru cha Solomon Mahlangu, na wengi wakakijua kwa kifupi cha SOMAFCO. Mwaka 1993 mabaki ya mwili wake yalizikwa upya Mamelodi.

Baada ya marufuku ya ANC kuondolewa mwezi Februari 1990, wageni walianza kurudi kwao, na mwezi Julai 1992 Mazimbu na Dakawa zikakabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania. Mazimbu ikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kilichoanzishwa mwaka 1984 na kupewa jina la Waziri Mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili mwaka huo, katika mkoa huu huu wa Morogoro. Kampasi ya Mazimbu ikaendelea kuitwa kwa jina la Solomon Mahlangu.

Kwa hiyo kijana wa Kitanzania anayesoma hapo anabeba majina mawili kwa wakati mmoja: la kiongozi wa nchi yake aliyepiga vita ulanguzi, na la kijana wa nchi nyingine aliyenyongwa kwa kutaka uhuru. Hakuna sheria iliyolazimisha jina la pili libaki baada ya wenye nalo kuondoka. Lilibaki kwa sababu shule ile ilikuwa mali ya historia ya nchi zote mbili. Na pembeni yapo makaburi ya wana wa Afrika Kusini waliofariki kabla ya kuiona siku waliyoisubiri. Ardhi ya Morogoro inawahifadhi hadi leo.

DENI LILILOBAKI

Haki inadai kusemwa pia kwa yale ambayo hayakukamilika. Wapo wanawake wa Morogoro waliofunga ndoa na wapigania uhuru, na wapo waliozaa nao. Wakati wa kuondoka ulipofika baadhi yao walifuatana na waume zao, na wengine walibaki na watoto, bila baba na bila habari. Watoto hao ni watu wazima sasa. Hadithi za ukombozi zimewataja marais, wapiganaji na wajenzi. Wanawake hawa zimewataja kwa nadra. Iwapo Bibi na Bwana wamesimama sawa katika Nembo ya Taifa, basi masimulizi ya Mazimbu hayawezi kuwa ya Bwana peke yake. Wanahistoria wamekwisha kuanza kuyaandika mambo haya, na walimu wa historia katika mkoa huu wana wajibu wa kuyaendeleza wakati wazee waliokuwepo bado wako hai.

Afrika Kusini nayo imeanza kulipa upande wake kwa njia yake. Mwaka 2018 ilitangaza kwamba Kiswahili kitaruhusiwa kufundishwa katika shule zake kama somo la hiari. Nchi ambayo watoto wake waliuawa kwa kukataa lugha ya mabwana imechagua kwa hiari yake lugha ya wenyeji waliowapokea watoto hao. Hakuna heshima kubwa zaidi ambayo alama moja ya taifa inaweza kuipata kutoka kwa taifa jingine.

KAZI YA MWALIMU NA YA MTUMISHI WA UMMA

Ndugu walimu, kutokana na hayo, somo la alama za Taifa haliwezi kuishia kwenye orodha ya kukariri. Mtoto ajue rangi nne, ndiyo, kisha apewe tendo moja kwa kila rangi. Akitaja kijani aelezwe matuta ya Uluguru ya mwaka 1955 na shamba la Mazimbu la mwaka 1977. Akitaja Mwenge aulizwe ulimulika wapi nje ya Kilimanjaro. Akiimba Wimbo wa Taifa aambiwe kwamba ulitungwa na mwalimu kama yule anayemfundisha. Shule zilizo Morogoro na mikoa ya jirani ziwapeleke wanafunzi Mazimbu, wasome majina yaliyo juu ya makaburi, na warudi kuandika insha zao wenyewe.

Ndugu watumishi wa umma, alama hizi mnazishika kila siku kuliko mwananchi mwingine yeyote. Nembo ya Taifa iko juu ya barua mnazoziandika na katika mihuri mnayoigonga. Karani anayemzungusha mjane njoo kesho, njoo keshokutwa, ili apewe chochote ndipo agonge muhuri, anaitumia picha ya jembe na ngao kufanya kazi ya nyapara wa manamba. Hajaichana bendera wala hajaivunja sheria inayoilinda nembo, na polisi hawatamkamata kwa kuidharau. Lakini ameivunja ahadi iliyomo ndani yake, na kuivunja ahadi hiyo ni kuidharau alama kupita anayeiacha bendera ikafifia mlingotini.

Wapo pia wanaouliza kama Mwenge bado una kazi, na kama gharama za mbio zake zinafaa. Swali hilo ni halali na lisijibiwe kwa hasira. Lijibiwe kwa kipimo kile kile cha mwaka 1959: Mwenge unapofika wilayani na kuzindua kisima, kisima hicho kitoe maji baada ya Mwenge kuondoka, unapopinga rushwa kwa hotuba, mla rushwa wa wilaya hiyo afikishwe mahakamani. Ukifanya hivyo utajitetea wenyewe mbele ya wananchi. Usipofanya hivyo hotuba hazitausaidia.

Mwaka 1977 watu waliokuwa na kidogo waliulizwa kama ahadi yao ya 1959 ilikuwa ya kweli, nao wakajibu kwa kutoa shamba. Kizazi cha leo kina barabara, vyuo na umeme ambavyo wazee wale hawakuwa navyo. Kitaulizwa swali lile lile na watu wengine, kwa namna nyingine, na kitapaswa kuwa na jibu.